Nta ya Kukaa Miaka Miwili

Crescent Town, Toronto

Wifi yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na goti je? Rehema wetu aliniambia siku ile mlipoongea alikuona umekaa kitandani, mguu umeuweka juu ya mto, nawe ukamwambia ni uvivu tu. Uvivu wako tangu lini? Nenda ukapimwe, dada, usingoje mpaka ubebwe. Na Mama bado anagoma kuvaa miwani? Mwambie mkwewe kasema avae, hakuna atakayemcheka.

Sisi huku, kwa desturi ningeandika kuwa wote tu wazima. Safari hii siandiki hivyo, maana nitakuwa nimekudanganya tangu mwanzo wa barua. Mdogo wako Hamza anaumwa, na ugonjwa wenyewe si wa kulala siku mbili ukaamka. Kama umesimama, kaa kwanza.

Barua hii nimempa Mama Salma, jirani yetu wa ghorofa ya chini, anayekuja Tanga kumwoza mwanawe. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu siwezi. Nyumba yetu hii ukikohoa jikoni, aliye chumbani anakwambia pole, na Hamza kaniapisha nisiwaambie nyie huko. Nikamwitikia ndiyo, kwa mdomo. Lakini nimebeba mzigo huu tangu kiangazi, wifi, na maji yamenifika shingoni.

Ulianza mkono wa kulia. Akawa anaangusha vikombe. Halafu vifungo vya shati vikamshinda, akaanza kuvaa fulana kila siku, hata Ijumaa. Tukasema uchovu, tukasema baridi ya kule ghalani anakofanya kazi. Mpaka siku moja tuko kwenye barabara kuu, mkono ukamteleza kwenye usukani, gari likaelekea upande wa lori. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi. Mungu alituvusha. Ndipo akakubali kwenda hospitali, akapimwa huku na huku, akachomwa sindano hadi misuli ya ulimi, maskini.

Daktari alitueleza polepole. Mishipa inayoiamrisha misuli inakufa kidogo kidogo. Kwanza mikono, kisha miguu, na mwisho kifua, pumzi. Dawa ya kupunguza mwendo ipo, ya kuponya hakuna. Hamza aliuliza swali moja tu: "Naweza kuendesha gari?" Daktari akasema hapana, kuanzia leo. Basi. Mengine yote niliuliza mimi, na yeye kageuka anatazama dirishani. Rehema hatukumficha, na hata tungetaka tungechelewa, kashasoma kila kitu kwenye simu yake. Unamjua mtoto yule, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Siku hiyo alikuja kunikumbatia jikoni akasema, "Mama, usilie," kwa Kiswahili safi kabisa. Hapo ndipo nilipolia.

Sasa nikwambie habari ya gari, maana ndiyo vita yetu ya miezi hii.

Ni lilelile la buluu uliloliona kwenye picha. Leseni ninayo, lakini mdogo wako hajawahi kuniachia usukani msimu wa theluji. Eti nitaligonga. Tulipotoka hospitali siku ile niliendesha mimi, tulipofika akanyoosha mkono nimpe funguo, akazitia mfukoni, na mfukoni zikakaa. Nilidhani ni siku mbili tatu, mtu anaomboleza usukani wake. Thubutu! Mimi kazi yangu iko North York, kwenye nyumba ya kulea wazee, na zamu inaanza alfajiri. Ni basi, treni, kisha basi tena, na upepo wa kituoni unaingia mpaka kwenye meno. Kliniki yake nayo basi, namshika mkono kupanda, watu nyuma yetu wanaguna. Na gari liko chini ya jengo limelala.

Nikamwambia, "Baba Rehema, nipe funguo." Akajibu, "Ngoja kwanza nilipake nta ya baridi. Siwezi kukupa gari liliwe na chumvi."

Wewe chumvi unaijua ya kwenye mchuzi. Huku wakati wa theluji wanaimwaga barabarani kwa malori, ili barafu iyeyuke. Inarukia gari, inaganda ubavuni, inakula rangi, ikimaliza rangi inakula bati. Magari ya huku yanatoboka chini ya milango kama nguo iliyoliwa na mende. Kwa hiyo kabla ya theluji, mwenye kulipenda gari lake hulipaka nta ya kuikinga rangi. Hilo la kweli, simpingi. Kila mwaka Hamza hulipaka mwenyewe, wala haruhusu mtu kugusa kitambaa.

Lakini mwaka huu kuchagua hakuishi! Usiku anasoma, asubuhi anasoma. Hii inang'aa lakini haikai. Hii inakaa lakini haipendi baridi. Hii watu wanaisifu, hii watu wanailalamikia. Ukimletea chai anakuonyesha video ya Mzungu anamwagia gari maji. Majani yakapukutika yote, baridi ikabisha hodi, na mimi bado naenda kituoni gizani. Siku moja nimerudi nimelowa mpaka kwenye soksi, namkuta na simu yake ileile. Nikalipuka. "Hamza, hiyo nta unaichagua au unaichumbia?"

Akacheka, wifi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitali. Halafu kicheko kikakatika, akatazama mkono wake uliolala pajani. Akasema, "Nikishalipaka, nakupa funguo. Sina kisingizio kingine baada ya hapo." Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Kesho yake tukaenda dukani, kwa basi bila shaka. Kuna mzee anaitwa Amirali, Ismailia mzaliwa wa Mwanza, ana duka la vitu vya magari mtaa wa Danforth. Kiswahili chake ni cha zamani, anakuita "bibie" na anauliza habari za nyumba nzima ndipo aulize shida yako. Akatupangia chupa tatu juu ya meza. Ya kwanza nta ya asili, inatokana na majani ya mti: inang'aa ukitazama unajiona, lakini chumvi inaimaliza kabla baridi haijafika katikati. Ya pili ya kutengenezwa kiwandani, haing'ai sana lakini inavuka msimu mzima. Ya tatu ndiyo wanayoiita keramiki, ikishika inakuwa ngumu kama kioo, inakaa miaka miwili.

"Lakini hiyo haitaki mtu mwenye haraka," Mzee akasema. "Ukikosea ikakauka, kosa linakaa hapohapo. Chukua hii ya kati, baba. Mwaka ujao unarudia, unapita hapa tunakunywa chai."

Hamza akasema, "Mwaka ujao sitaweza kurudia, Mzee. Mikono inakufa."

Alisema hivyohivyo, kama mtu anayeagiza mkate. Mimi mkewe hajawahi kuniambia neno hilo, kamwambia muuza duka! Nilihisi nimekatwa maini. Mzee Amirali akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akasema, "Basi chukua ya miaka miwili. Na bibie akusaidie." Mdogo wako akajibu, "Huyu? Huyu atalisugua kama sufuria." Tukacheka wote watatu, kicheko kibovu, cha watu walioishiwa la kusema.

Jumapili tukashuka chini kwenye maegesho, maana nje baridi ilishakuwa kali na dawa ile ya miaka miwili haishiki penye baridi. Tukaliosha kwa ndoo. Msimamizi wa jengo akaja kutufokea kwamba kuosha magari mle ni marufuku, tukamwambia samahani, samahani, akaondoka, tukaendelea. Likakaushwa, likafutwa kwa spiriti. Kisha Hamza akaanza kazi yake.

Unapaka kwa kijisponji, sehemu ndogo ndogo. Unangoja kidogo mpaka itoe rangirangi kama mafuta ya taa juu ya maji, halafu unaifuta kwa kitambaa laini kabla haijakauka. Alianza na paa. Alishika sponji kwa mikono miwili, mmoja unaushika mwingine, na alifanya vizuri, wifi, haki ya Mungu alifanya vizuri. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Alikuwa anajikaza kisabuni tu. Alipofika mlango wa mbele kitambaa kikaanguka. Nikainama kukiokota, akasema, "Niache." Akakiokota mwenyewe. Kikaanguka tena. Mara ya tatu vidole havikujikunja kabisa, akawa anakisukumasukuma sakafuni kwa mgongo wa mkono, na ile dawa mlangoni inakauka.

Akanitazama. "Futa," akasema. "Upesi, Zuhura, futa!"

Nikafuta. Akageuza ndoo, akakaa juu yake, akawa fundi wa mdomo. "Taratibu. Usikandamize. Unafua kanga hapo? Rudi, umeacha pale. Pale, mama, pale kwenye kona." Nikamwambia akininyanyasa nitaacha gari nusu buluu nusu chumvi. Milango yote nilipaka mimi, na buti, na boneti mwisho. Nilikuwa nalia na kufuta, kufuta na kulia, na yeye alijua, akaendelea kunielekeza kona. Ile ndiyo fadhila aliyonifanyia, kutonyamaza.

Tulipomaliza akataka kusimama alitazame. Mguu haukumpokea. Akayumba, akatupa mkono mbele, kiganja kikatua juu ya boneti niliyokuwa nimetoka kuifuta muda huohuo. Alijishikilia pale mpaka nikamshika kiunoni. Hakuona alichokifanya, alikuwa na haya, akaanza kukusanya chupa.

Mimi niliona. Kiganja kizima, wifi, vidole vitano. Na kile kidole chake cha mwisho kilichopinda, alichovunja alipoanguka na baiskeli ya baba yenu, ukakifunga wewe kwa kipande cha leso kwa kuogopa kumwambia Mama. Hata mpindo wake umetoka. Kitambaa nilikuwa nacho mkononi, na nilijua ikishakauka haitoki. Nikakikunja, nikakitia kwenye ndoo.

Kesho yake theluji ya kwanza ikaanguka. Nilipoamka funguo zilikuwa juu ya meza, karibu na kikombe changu. Akashuka nami mpaka chini, kavaa koti juu ya pajama, anasema anakuja kunionyesha namna ya kufunga breki kwenye barafu. Nikatoa gari mpaka mlangoni penye mwanga, akalizunguka anakagua. Akafika mbele, akasimama.

"Zuhura, hii hukuiona?"

"Niliiona."

"Imeshakauka! Hii sasa mpaka isuguliwe kwa mashine. Nitampigia Mzee Amirali—"

"Gari la nani?" nikamuuliza.

Theluji inamwangukia kichwani, wala hajifuti. Akasema, "Lako."

"Basi usiguse."

Aliweka kiganja chake juu ya ile alama, akaona kinatosha, akakiondoa. Nikaenda kazini nimeshikilia usukani kwa nguvu mpaka mabega yaliuma, na sikuligonga.

Nilivyo na hofu siwezi kukueleza. Naogopa masika, naogopa kiangazi, naogopa siku atakayoshindwa kunisema. Nakuomba umwambie Mama wewe, kwa mdomo wako, ukiwa umemshika, na usimwambie yote siku moja. Halafu mpigie simu mdogo wako. Usimuulize ugonjwa, atakukatia. Muulize gari limepakwa nini mwaka huu. Atakueleza mpaka salio likuishie, na wewe msikilize tu, usimharakishe.

Nisalimie shemeji, mwambie kanzu aliyomshonea Hamza bado ndiyo ya Idi. Msalimie Mwanahawa, mwanao, na mjukuu mpya nibusie miguu yake. Mama mkwe mshikie mikono yote miwili, useme ni mimi. Rehema anakusalimu. Hamza naye anakusalimu, ingawa hajui kuwa nimekuandikia.

Na ukijaaliwa kuja, dada, usikawie. Nitakupokea uwanjani mwenyewe, kwa gari. Kidole ulichokifunga utakiona.

Wifi yako akupendaye,
Zuhura