Pole Niliyompa Mzee Ngollo

Mtendeni,
Tabora.
21 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Advera,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia baridi ya Mbeya mwezi huu haina adabu, kwa hiyo vaa soksi hata kama huzipendi. Sisi huku wazima, ila vumbi limetutawala. Baba amepona kikohozi na anagombana na redio kama kawaida yake.

Habari kubwa ni kwamba nimechaguliwa! Mwezi ujao naiwakilisha Tabora kwenye mashindano ya sataranji Dodoma. Asante sana, Shangazi. Usingenifundisha kusogeza kete pale barazani kwako, ningejulia wapi?

Lakini lawama nazo ni zako, maana ndiwe uliyenilea nimpe pole kila anayepoteza kitu. Mchezo wa mwisho nilipangwa na Mzee Ngollo wa klabu ya Nzega, na mshindi ndiye wa kwenda Dodoma. Nikamla farasi, neno likanitoka lenyewe: "Pole, baba." Nikamla askari: "Pole." Mwamuzi akaja juu, akasema nikirudia kumsumbua mwenzangu nimeshindwa. Nikaapa moyoni. Kisha nikamla malkia. Malkia mzima, Shangazi! "Jamani, pole sana, baba."

Mwamuzi akaja amekunja uso, akasimamisha saa. Machozi yalinilenga. Mzee Ngollo akamtazama taratibu. "Mwache mtoto. Kwani mfiwa akipewa pole kuna kosa gani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mwamuzi naye, tukaruhusiwa kuendelea. Nilicheza nimejiziba mdomo kwa leso. Wala Mzee hakunionea huruma. Alinihenyesha kwa ngome zake mpaka jasho likanitoka, ndipo nikambana mfalme wake kwenye kona.

Nje, Bernadeta aliyekuja naye kutoka Nzega akaniambia kuwa Mzee ameitafuta nafasi hiyo miaka yote na hajawahi kuipata. Angenyamaza tu, ingekuwa yake. Nilirudi ndani mbio, nikampigia magoti, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Akasema, "Nenda ukacheze, mwanangu."

Asali ya Ulyankulu nimempa Emilian akuletee. Mgawie na Theodora, tena umsalimie sana yeye na watoto. Baba anakukumbuka.

Mungu akutunze, Shangazi. Na jioni ukisali rozari, anza na Mzee Ngollo, mimi nifuate.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Agnetha