Lugha ya Laptopu ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako ambaye hasira zimempanda na bado hazijashuka. Lakini adabu kwanza. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na mwanenu, shangazi yangu mdogo, ameshaota meno, au bado anatafuna vidole? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kazini umepoa? Sisi huku ni wazima. Presha ya Mama imetulia, anakula vizuri, na kila asubuhi anagombana na mimi, kwa hiyo ujue afya ipo.

Utashangaa kuona karatasi na kalamu wakati barua pepe zipo. Kuna sababu, na sababu yenyewe ni wewe. Nitaifikia.

Laptopu uliyomtumia Mama ilifika salama. Mama aliipangusa kwa kanga yake, akaiweka mezani, akavaa miwani na kukaa mbele yake kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikaiwasha. Ndugu yangu, kila kitu kilikuwa kwa lugha ya huko kwenu, na zile herufi zenu ambazo huwezi hata kujua zinaanzia wapi na kuishia wapi. Ulisema kwenye simu, "Ukiwasha tu utaona mwenyewe." Nikaona mwenyewe.

Unajua kwa nini Mama aliitaka sana mashine hii. Miaka minne barua zako zinaingia kwenye anwani yake, lakini mimi ndiye ninayezifungua kwenye simu yangu na kumsomea, kwa kuwa herufi za simu macho yake hayazipati tena. Kwenye laptopu zinakuzwa hadi zinakuwa kubwa kama punje za mahindi. Alichoka kukusikia kwa mdomo wangu. Alisema wazi kwamba anataka kumsoma mwanawe kwa macho yake kabla hayajazima kabisa.

Basi nikaanza kuhangaika. Maelekezo yako ya kwenye simu hayakufaa kitu, maana ulikuwa unaangalia kompyuta yako mpya na mimi ninaangalia hii ya mtumba. Ukisema "ya tatu kutoka juu", kwangu ya tatu inazima sauti. Siku ya pili nikaibeba kwenda kwa Fundi Miwani, yule anayetengeneza simu mkabala na duka la dawa. Tunamwita hivyo kwa sababu huvaa miwani mbili, moja ya kuonea na moja ya kazi, na siku zote anaitafuta ile iliyo kichwani kwake.

Fundi hana papara. Aliwasha laptopu yake pembeni ya yetu, akawa anafungua kwake kisha anafungua mahali hapo hapo kwetu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akapata orodha ya lugha. Akaanza kupakua Kiingereza. Kilipofika nusu, bando lake likaisha. Akaniambia nimalizie popote penye intaneti.

Sasa hapa nikiri kosa langu. Unanijua, miaka kumi na nane niko masjala ya hospitali. Mimi faili silitafuti kwa jina, nalitafuta kwa mahali lilipo: rafu ya nne, kutoka kushoto la saba. Kwa hiyo nikachukua jalada kuukuu nikachora ramani: picha ya gurudumu lenye meno, mstari wa pili, chini yake mstari wa tano, kisha wa tatu. Nikajiona mjanja sana. Jumatatu nikaenda nayo kazini, na saa ya mapumziko nikafuata ramani yangu hatua kwa hatua bila kusoma chochote, kwani ningesoma nini? Mashine ikauliza swali, nikakubali. Ikajizima na kujiwasha.

Ilipowaka ilikuwa na lugha nyingine kabisa, si ya kwenu wala ya kwetu, na neno la siri ikalikataa. Nikaandika mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Nilikuwa naona vidoti tu, nisijue ninaandika nini. Siku tatu laptopu ilikaa juu ya kabati imefungwa, na siku tatu Mama alikuwa anaiangalia tu akipita. Heri angenigombeza.

Alhamisi nikarudi kwa Fundi, na safari hii Mama alisema tunakwenda wote. Fundi akatazama ramani yangu, akacheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Akasema, "Dada, hii si rafu. Ile lugha niliyoanza kuipakua imejipanga juu, wenzake wote wakasogea chini mstari mmoja. Wewe umemshika jirani." Kumbe na herufi za kibodi zilibadilika pamoja na lugha, ndiyo maana neno la siri likawa halikubali. Akabonyeza alama ndogo pembeni, akazirudisha, na mlango ukafunguka. Dakika moja, baada ya mimi kukonda siku tatu.

Kisha akauliza tuweke lugha gani. Nikasema upesi Kiingereza, ndicho tunachotumia kazini. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi na mkoba mapajani. Akamuuliza Fundi, "Hii mashine ni ya nani?"

Fundi akajibu ni yake yeye.

"Basi iseme na mimi," Mama akasema.

Nilibisha. Nikasema Kiswahili cha kompyuta ni kigumu, nikasema hata mimi mwenyewe sikielewi, nikasema bando halitatosha. Sasa nikwambie ukweli ambao sikumwambia Fundi. Kiingereza nilikitaka kwa sababu Mama hakisomi. Kingekuwa Kiingereza, bado angenihitaji kila anapotaka kufungua barua, na barua zako nazijua mimi.

Maana wewe, mdogo wangu, ni mtu wa ajabu. Tangu Februari kila barua unayomwandikia Mama, chini yake unaongeza maneno ya kuniambia mimi: dada, hapa ruka. Dada, mkataba mpya nimeshasaini. Dada, nyumba tumeshapata, tutakaa huku moja kwa moja, lakini usimsomee, nitamwambia mwenyewe nikipata nafasi. Unaandika hayo kwenye anwani ya Mama. Halafu unamnunulia Mama mashine ya kusomea. Hivi ulifikiri ataifanyia nini, atawekea maua?

Na mimi niliruka. Mara tano nimeruka, nikamalizia na salamu nilizotunga mwenyewe. Nilikwambia kwenye simu nimechoka kuwa mlango wa siri zako, ukasema subiri kidogo. Laptopu ilipokataa neno la siri nililalamika kwa kila mtu, lakini moyoni kulikuwa na sehemu iliyopumua. Naona aibu kuliandika hilo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Fundi akaweka Kiswahili. Tukarudi nyumbani, na mimi mjuzi wa kompyuta wa miaka kumi na nane nikawa kama kuku mgeni. Naona Mipangilio, naona Kikasha, sijui niguse wapi. Mama ndiye aliyeniambia kikasha ni mahali pa kuwekea vitu, basi barua zitakuwa humo. Akagusa, zikafunguka zote, za miaka minne, herufi kubwa kama punje za mahindi. Akaniambia niende nikaendelee na kazi zangu.

Alisoma tangu saa nane mchana mpaka jua likahama dirishani. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Aliponiita nilikwenda nikiwa na maneno yangu tayari, ya kujitetea na ya kukutetea. Hakunipa nafasi. Alisema, "Yeye amekwambia uruke, na wewe ukaruka. Mimi nimesoma." Akavua miwani akaifuta. Akaongeza kwamba kila nilipofika mwisho wa barua nilikuwa nakohoa, na kikohozi kisicho na mafua hakimdanganyi mtu aliyelea watoto.

Sikuomba msamaha siku hiyo, nililia tu. Yeye hakulia, au hakulia mbele yangu.

Jana asubuhi nilimkuta chumbani kwako anatoa mashuka kitandani. Unajua kitanda kile anakitandika upya kila mwezi tangu ulipoondoka, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukikalia. Akaniambia nishike upande wa pili. Tukakifungua, tukatoa mbao nje, tukaweka meza chini ya dirisha na laptopu juu yake, kwa sababu pale ndipo penye mwanga mzuri wa kusomea. Nikamuuliza, je, mwanao akija atalala wapi? Akasema, "Mgeni hulala sebuleni."

Kwa hiyo naandika kwa kalamu, kwa kuwa anwani tunayoitumia ni hiyo moja ya Mama, na sasa anaisoma yeye. Nimekukasirikia kweli. Huna kosa kuishi unakotaka, nyumba njema si mlango, na ya kwako naiombea iwe njema. Lakini neno la mtoto kwa mama yake halipitishwi kwa dada. Mwandikie yeye. Usiniongezee chochote chini.

Msalimie sana wifi, mwambie sina kinyongo naye. Mbusu shangazi yangu mdogo. Fundi Miwani anakusalimu pia, ingawa hakujui. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe ujasiri ulioukosa tangu Februari.

Salamu za Mama hazimo humu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema nisijisumbue. Niandikapo haya namsikia chumba cha pili anabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, na mlango ameufunga.

Wako akupendaye, hata leo,

Dada yako.