Tumbo la Somoe

Mjukuu wangu Asha,

Marahaba. Huku Makote hatujambo, korosho zimeanza kuanguka. Umeuliza kwa nini kila mara naingia kwa daktari pamoja na mdogo wangu Somoe.

Tulipokuwa wasichana, Somoe alikuwa tayari anatumia dawa za ugonjwa wa akili. Siku moja tumbo likamshika. Hospitalini nilikompeleka, daktari alisoma daftari lake la matibabu akasema, "Ni ugonjwa wake ule. Mrudishe nyumbani."

"Dada, sidanganyi," Somoe alilia.

Nikasimama mlangoni, nikamwambia daktari, "Mshike tumbo kwanza."

Alipombonyeza, Somoe alipiga yowe. Daktari akabadilika uso. Siku hiyohiyo alipasuliwa. Kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka.

Alipozinduka aliniuliza, "Usingekuja, nani angeniamini?"

Ndiyo maana mpaka leo naingia naye.

Bibi yako