Korongo la Kilomita ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa najua huzihitaji. Hujambo? Shemeji na mapacha wanaendeleaje? Huku mwili hatuna neno. Goti la mama limepata nafuu, ila mwenyewe mpaka leo hutoa kikombe cha baba, akakitazama, kisha akakirudisha kabatini.

Tangu ulipoondoka baada ya msiba, baba mdogo amepata kazi ya kudumu. Humwambia kila mgeni kwamba uliokota njia ya matembezi mtandaoni kama mtu anavyookota kuni, ukampa mzee akaenda kufa. Anayasema hayo akinywa chai ya mama, kikombe cha tatu. Mimi huinamisha kichwa, naye hudhani ni huzuni.

Dada, nilikuwa nikikwambia kwamba nachora ramani. Zilikuwa sifa tu. Tuko watu sita katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Watu wanaopenda kutembea hututumia njia walizopita, pamoja na maneno mawili matatu. Sisi tunaandika kama ni rahisi au ngumu, tunabandika vipicha, tone penye maji, kiti penye kivuli, kisha tunaiweka njia kwenye tovuti. Njia arobaini kwa siku, na hakuna aliyewahi kuchafua kiatu. Msimamizi wetu mwenyewe hupanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza.

Daktari alipomwambia baba atembee kwa ajili ya presha, wewe ndiye uliyeketi naye ukafungua kurasa moja baada ya nyingine. Ulitusimulia kwamba alizikataa zote, mpaka alipoona moja yenye picha ya ndege. Alicheka, akaanza kufuta darubini yake kwa shati. Ulihakikisha imeandikwa rahisi, ukahakikisha ni ya saa mbili tu. Mtu mwangalifu angefanya nini zaidi?

Njia ile niliiweka mimi.

Aliyeituma aliandika hivi: "Kilomita ya tatu kuna korongo, angalieni." Ilikuwa karibu na saa ya chakula. Niliposoma korongo nikaona ndege mwenye miguu mirefu. Haikunijia kabisa kwamba hata ardhi ina korongo lake. Nikabandika ndege, na darubini pembeni, nikaandika rahisi. Ramani ilikuwa mbele yangu, inaonyesha wazi ardhi ilivyokatika pale. Sikuitazama. Baba alifika kilomita ya tatu macho yakiwa juu, akimtafuta ndege niliyemwekea mimi, akatumbukia.

Hilo ni kosa, na kosa husameheka. Linalofuata si kosa. Siku ya pili ya msiba nilijifungia bafuni, nikaingia kwenye tovuti kwa simu yangu, nikamtoa yule ndege na kuweka alama ya hatari. Ndiyo maana ulipofungua simu umwonyeshe baba mdogo, ndege hakuwepo. Mbele ya watu wote ukaitwa mwongo na muuaji. Ulinigeukia mimi, maana nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, nami nikasema labda hukuangalia vizuri. Nilisema hivyo, dada, na baada ya hapo nikala wali wa msiba nikashiba.

Nakala ya barua hii, mpaka hapo juu, nimempa mama leo asubuhi. Ameisoma amesimama. Hakulia wala hakunitukana. Alimwita baba mdogo, akamsomea kwa sauti mpaka mwisho, naye akatoka bila kuvaa viatu vyake sawasawa. Kisha mama akaanza kukunja nguo zake kwenye mkoba.

Wasalimu shemeji na watoto. Salamu za mama hazimo humu. Anakuletea mwenyewe Jumamosi. Mimi siji, amenikataza. Nilitaka angalau nimtafutie kwenye simu njia ya kufika kwako, akaisukuma simu kwa mkono. Amesema atauliza watu.

Ni mimi mdogo wako,
Mchoraji wa uongo