Panga la Baba na Mradi wa Darasa la Sita

Murungu, Kibondo
8 Septemba 2013

Dada yangu mpendwa Skolastika,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto hapo Kasulu, na biashara ya maharage inakwenda. Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba ninaye hapa kwangu, na mwanao Yustina pia. Utauliza kwa nini wamehama kule kwa Baba wote wawili, basi ndiyo habari yenyewe.

Unakumbuka nilivyojisifu Pasaka kwamba nawafundisha darasa la sita kubishana kwa hoja? Nilichoshwa na watoto wa kuitikia tu kila nisemalo. Nikawapa mradi wa sayansi: wachunguze kwa nini migomba inanyauka kijijini, na asemaye neno alete ushahidi. Wakapita shamba kwa shamba, wakapingana hadi mate yakaruka. Dada, nilifurahi mno! Mwisho wakakubaliana kwamba ugonjwa unafuata panga. Unajua kijiji kizima humwita Baba awapunguzie migomba majani na machipukizi, na panga lake hutoka shamba hili kwenda lile bila kuoshwa, maana wazee wanasema ukiliosha umeosha baraka.

Siku ya wazazi akasimama Yustina kuwasemea wenzake. Alitaja mashamba yaliyonyauka, akasema yote hayo babu yake alipita na panga, na asikopita migomba ni mizima. Kabla hajafika kwenye kuchoma panga motoni ili kuua vijidudu, wazazi walikwishainuka. Kwao ilikuwa wazi kwamba Baba yetu, mzee Bazilio, ni mchawi na mjukuu wake mwenyewe amemtaja. Nilieleza vijidudu hadi sauti ikanikauka, nikaambiwa mtoto wa mchawi ninyamaze. Jua halijazama, nyumba ya Baba ilikuwa majivu. Mwalimu mkuu ameufuta mradi. Yustina haendi shule, na ukimuuliza kitu anatikisa kichwa tu.

Nisamehe, Dada. Lakini hayo ungeyasikia hata sokoni. Linalonikata maini ni jingine. Nilimketisha Baba nikamweleza habari ya vijidudu polepole, kwa Kiha chetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema watoto hawakukosea, kila alipopita pamekufa, na hata Mama alikata roho mikononi mwake. Baba ameamini kwamba ni mchawi bila kujijua. Nimembishia kwa kila hoja niliyo nayo, naye ananijibu kwa upole kwamba ushahidi wa watoto ameuona kwa macho yake. Sasa anakula peke yake nyuma ya jiko, na mwanangu mchanga akimtambalia, anaficha mikono.

Mpe shemeji salamu zangu nyingi, na majirani wote wanaonikumbuka. Ukipata nafasi njoo, nakuomba sana. Ila wadogo zake Yustina uwaache huko. Baba mwenyewe amesema wasiletwe karibu naye.

Ni mimi mdogo wako,
Reverien