Kreti ya Twiga

Jumapili, 6 Juni 1982

Baa ya Jovina leo wana bia ya Nyota tu. Nimeionja kwa moyo mweupe. Maji ya kuoshea sufuria! Uchachu unafika kabla hujameza. Alama: mbili kati ya kumi, na moja ni ya ubaridi. Shemeji Kornelio anasema ulimi wangu una maringo tu, bia zote ni moja. Nikamjibu mbele ya watu kwamba bia yangu ya Twiga naijua hata nikifumba macho.

Jumanne, 8 Juni

Barua ya posa. Anamtaka Anjelina wangu — Fransis, yule fundi baiskeli wa Vingunguti. Mwandiko mzuri, mwenyewe mwembamba mno. Nimejibu: kabla ya mazungumzo yoyote, kreti moja ya Twiga. Nyota sipokei. Mke wangu Anastasia kaniuliza kama naoza binti au nafungua baa. Ukweli ni kwamba nataka kijana ahangaike kidogo. Anjelina ninaye mmoja tu.

Alhamisi, 10 Juni

Twiga haionekani, toka Manzese mpaka Msasani. Fransis kaja kuomba chupa tupu, maana bila chupa tupu huuziwi bia. Shikamoo mbili kwa mkupuo! Nimemwazima kreti yangu ya chupa za Twiga iliyokuwa chini ya kitanda, lebo zote ziko safi. Roho imeniuma. Anjelina kajitolea kuziloweka na kuziosha. Binti mwenye moyo.

Ijumaa, 11 Juni

Unga wa muhogo umepungua kibaba kizima. Anastasia anasema ni panya. Anjelina kaniletea chai. Kikombe kinanata.

Jumamosi, 12 Juni, saa kumi jioni

Niko chumbani, mlango nimeufunga. Wageni wako sebuleni.

Fransis kaleta kreti. Zote Twiga! Ya kwanza kaifungua mwenyewe, kanimiminia kwa adabu. Nikafumba macho mbele ya Kornelio na wazee wa kijana. Nikaonja, nikasema: “Hii ndiyo Twiga. Tisa kati ya kumi.”

Wakapiga makofi. Nikaishika chupa niwaonyeshe — lebo ikabaki kiganjani. Mbichi. Nyuma yake gundi ya unga wa muhogo. Na kwenye chupa, pale ilipotoka, kipande cha lebo ya zamani: ncha ya nyota.

Nimekunywa Nyota. Nimeipa tisa!

Nikaificha chupa ndani ya koti, nikasema nafuata miwani. Sasa namsikia Kornelio anauliza chupa iko wapi, na yeye aionje. Nikisema ukweli posa imekufa, na ulimi wangu nao. Nikinyamaza namwoza mwanangu kwa tapeli.

Tapeli gani lakini? Lebo ni za chupa zangu, unga ni wa jikoni kwangu. Hii ni kazi ya Anjelina. Basi anamtaka. Siku zote hizi nimedai bia, yeye sikumwuliza. Naona haya.

Mlango umegongwa. Ni yeye. Kaingiza mkono tu, na kibakuli cha uji mzito wa muhogo, bado wa moto.

“Baba, paka kidogo tu. Halafu shikilia mpaka uhesabu ishirini.”

Naandika kwa mkono mmoja. Viatu vya Kornelio viko koridoni. Nimefika kumi na moja.