Kadi Pacha na Kikao cha Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Kitinda wetu, mwana wa mwisho, amepiga simu. Tume inayochunguza lile ghorofa lililoanguka itamhoji Ijumaa asubuhi. Yeye ndiye mhandisi aliyekagua nguzo. Hataki twende. "Tazameni nyumbani, baba, na unirekodie yote. Wakishakatakata maneno yangu kwenye taarifa ya habari, hata mimi sitajua nilisema nini."

Nimemwahidi. Kompyuta yangu ina kadi mbili za kupokea televisheni, za aina moja. Moja inachukua waya wa dishi linalotazama mashariki, lenye chaneli ya tume. Nyingine ni ya dishi la magharibi, la tamthilia za mama yake. Programu ya kurekodi nimeiagiza: kadi sifuri, Ijumaa, saa tatu. Rahisi!

Jioni nimejaribu. Kadi sifuri imeleta tamthilia.

Jumanne, 4 Machi

Nadhani nimeelewa. Ni mambo ya kurwa na doto. Mashine ikiwashwa, kadi inayoamka kwanza huitwa sifuri, inayofuata huitwa moja. Kesho akitangulia mwenzake, majina yamegeuka. Dawa ni kuandika kanuni: ukiona kadi yenye namba hii ya kiwandani, iite Mashariki, hata ikiamka ya mwisho.

Nimeandika. Nimewasha. Kadi moja imetoweka kabisa!

Nimekuna kichwa hadi chai ikapoa. Kumbe namba za kiwandani zinafanana! Kanuni imewaita wote wawili Mashariki, na mashine haitaki majina mawili sawa.

Mke wangu, muuguzi mstaafu, amecheka. "Mwalimu, sisi wodini pacha wakifanana tuliwajua kwa kitanda."

Jumatano, 5 Machi

Kitanda! Yaani tundu ambamo kadi imechomekwa. Namba hufanana, tundu haliwezi. Sijui kwa nini sikuliona.

Bado sijaandika. Macho yamechoka.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ajabu. Nimeandika: kadi ya tundu la juu ni Mashariki, ya chini ni Magharibi. Nimewasha — kinyume! Nikaenda kununua mkate ili nifikiri. Nimerudi, nimegeuza kanuni, nimewasha upya. Bado kinyume!

Haiwezekani. Ukigeuza shati mara moja, haliwezi kubaki lilivyokuwa. Nimesoma kanuni herufi kwa herufi. Haina kosa.

Nimemuuliza mke wangu kama ameigusa kompyuta.

"Kompyuta? Sijaigusa mimi."

Kitinda amepiga tena. Sauti ndogo. Ameuliza kama mitambo iko sawa. Nimesema iko sawa. Sijui nimesemaje vile.

Nimependekeza twende kwa jirani tukatazame tu. Mama yake amekataa katakata. "Mwanangu anahojiwa, watu wanakunywa chai? Hapana. Na kurekodi je?"

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu kasoro. Nimewasha: Mashariki imeleta tamthilia. Nimegeuza kanuni, nimebonyeza kuwasha upya. Mke wangu akatokea nyuma ya meza, vumbi magotini.

"Tayari, Mwalimu. Nimebadilishana waya, ya juu chini. Kama jana."

"Kama jana?"

"Ulipoenda kununua mkate. Niliona picha siyo, nikasema nisikusumbue."

"Nilikuuliza!"

"Uliniuliza kompyuta. Hizi ni waya za dishi!"

Basi ndiyo hivyo. Nageuza majina, yeye anageuza waya, tunarudi palepale. Na sasa hivi tumefanya tena, wote wawili kwa pamoja! Nimemweleza. Akaelewa kabla sijamaliza, akachomoa zote mbili.

"Nirudishe?"

"Rudisha. Hapana, ngoja. Ipi ilikuwa juu?"

Anazitazama. Nyeusi zote, urefu mmoja.

Naandika huku mashine inawaka, maana mikono inataka kazi. Saa tatu imepita. Ukutani, kutoka kwa jirani, nasikia sauti ya kijana wetu akila kiapo. Safi, haitetemeki. Mwenyekiti anamuuliza: nyufa uliziona lini, kabla ya watu kuhamia au baada?



Mke wangu amesimama, waya mkono huu na waya mkono huu, ananitazama mimi. "Sema ipi iende juu, baba Kitinda. Sema tu moja" —